Pont na Vyote Viko Juu Yake

Land Cruiser ilishuka kwenye kivuko upande wa Alunguli, ng'ambo ya Kindu, ikisema ko, ko, ko, na Mardochée akaiacha chai yake nusu. Huyu Mardochée, aliyetoka Punia miaka miwili tu iliyopita na kujibatiza Ingénieur akiwa njiani, alikuwa na sikio la ajabu: alisikia ugonjwa wa gari kabla hajaliona gari lenyewe. Ugonjwa huu ulikuwa mdogo. Kile kishikio cha chuma kilicholehemiwa kwenye ekseli ya nyuma, kinachoishika amotisere, yaani shokomzoba, kwa chini, kilikuwa kimekatika, na amotisere ilikuwa inaning'inia na kugongagonga. Kusugua kutu, kulehemu kishikio, dakika arobaini na soda moja. Hivyo ndivyo angesema fundi mwaminifu, na Mardochée aliwahurumia sana mafundi waaminifu, maana kutwa walikuwa kazini.

Hapa lazima tueleze jambo moja. Mafundi wa Kindu huita ekseli pont. Wasafiri wa Kindu huita daraja pont. Ni neno la Wabelgiji, walioondoka bila kutuachia la pili, na kwa miaka mingi limebeba mizigo yote miwili bila kumdhuru mtu.

Ndani ya gari, kando ya dereva aliyeitwa Djo, aliketi mama mnene mwenye ushungi wa kijani, na nyuma yake magunia ya chumvi ya kupeleka Kama. Wapakuzi wa kivukoni walimsalimia, "Jambo, Mama Pont." Mardochée akautazama upana wa mama huyo kitini, akadhani ameelewa sababu ya jina.

Jina lake halisi lilikuwa Mwavita. Alikuwa mjane, na gari hilo ndilo chombo pekee alichoachiwa na marehemu mumewe ambacho kilikuwa kinasogea. Alimwachia na kingine, lakini hicho hakisogei. Gari likipotea, biashara imekwisha, na mjane mwenyewe anarudi kuuza mihogo barazani kwa shemeji yake.

Mardochée aliingia chini ya gari, akakaa huko muda wa heshima, akatoka amevua kofia.

"Mama, pole sana. Pont yako imevunjika."

Mwavita akashtuka. "Nani amekuambia?"

"Hakuna muntu wa kuniambia. Nimeona na macho yangu mwenyewe."

"Leo?"

"Sasa hivi. Imekatika kabisa. Hii haiko kazi ya kutengeneza tena, mama, hii njo kazi ya kuzika."

Mwavita akamtazama Djo. Djo akautazama mto. Mardochée aliyahesabu hayo kuwa majonzi, akasogea karibu kama jamaa.

"Pont mupya inatoka Bukavu. Itafika wakati wajukuu wako wameoa."

"Na wewe, Ingénieur, ungekuwa mimi, ungefanya namna gani?"

Swali hilo Mardochée alikuwa amelingoja tangu ko ya kwanza. "Ningeachana nayo. Sikiliza. Mi niko na mashine ya soudure, ile ya kulehemu, na groupe yake ya kuipa moto. Kule Kama wachimbaji wanatafuta mashine vile sana. Wewe kamata mashine yangu, panda camion ya mizigo kesho. Mi nibakie na hii maiti."

"Unataka motoka yangu?"

"Usitaje motoka, mama." Sauti ilishuka. "Tukiandika motoka, watu wa bureau watakuja na kodi, na muhuri, na kiu yao. Tuandike pont. Pont haina kodi. Tuandike hivi: pont iliyovunjika, na vyote viko juu yake." Akatabasamu kwa unyenyekevu, maana sentensi hiyo aliiona kuwa kazi ya sanaa. Gari zima lilikuwa juu ya ekseli, na serikali isingejua.

Mwavita aliyarudia maneno polepole. "Pont yangu. Ile imevunjika."

"Njo ile ile."

"Na vyote viko juu yake."

"Vyote, mama. Hata msumari."

Mwavita akajifunika mdomo kwa pindo la kitenge, mabega yakamtikisika. Mardochée akageuka pembeni, kwa sababu hata tapeli ana adabu mbele ya mjane anayelia.

Wakaenda kwa shefu wa mtaa, Papa Aimé, aliyekuwa na meza na muhuri palepale kivukoni. Papa Aimé aliandika, akasoma, akamtazama Mardochée juu ya miwani.

"Ingénieur, unajua kitu unachukua?"

"Papa shefu, mi niko fundi."

"Na shida zake?"

"Zote."

"Hakuna muntu amekulazimisha?"

"Ni kwa mapenzi yangu mwenyewe."

Papa Aimé akapiga muhuri mara mbili, kwa nguvu ya mtu anayefunga kesi iliyomsumbua miaka mingi.

Mashine na ile groupe, yaani jenereta yake, vikaletwa. Mwavita akajifunga kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza, akamwambia Djo achomoe waya wa betri, akatandika katoni chini ya gari, akavaa kinyago cha kulehemu.

"Mama, unafanya nini kwa motoka yangu?" Mardochée aliuliza.

Cheche zikamjibu. Miaka ya vita, treni ilipoacha kuja na mafundi wakakimbilia msituni, Mwavita ndiye aliyelehemu na mumewe ndiye aliyeshika vyuma. Ile ko, ko, ko aliifahamu tangu ng'ambo, na Alunguli alikuja kutafuta mashine tu. Alisugua kutu mpaka chuma kikang'aa, akakishikiza kishikio kwa nukta nne, akakizungushia mshono mzima, akauacha upoe wenyewe bila maji. Kisha akafunga amotisere. Dakika arobaini. Soda aliinywa Papa Aimé.

"Motoka iko yangu," Mardochée alisema, akamnyooshea Papa Aimé hati. "Karatasi iko."

Papa Aimé akaifungua. "Wapi imeandikwa motoka?"

"Pont, papa shefu. Pont ya motoka."

"Ya motoka haiko hapa. Hapa iko pont ya Mama Mwavita, na kila muntu wa Alunguli anaijua."

Basi akaelezwa. Wakati wa vita marehemu alitandaza magogo na vyuma vya reli juu ya kijito kimoja kwenye njia ya Kama, akaweka kizuizi, akawatoza wote, wenye bunduki na wasio nazo. Vita vilipoisha kizuizi kiliondolewa kwa amri. Daraja halikuondolewa. Kila gogo lilipooza, mjane aliitwa alibadilishe kwa fedha zake. Na siku tisa zilizopita daraja lenyewe lilikatika katikati.

"Na juu yake?" Mardochée aliuliza, kwa sababu sentensi ilikuwa yake.

"Camion ya Hadji Soudi, imekwama," alisema Papa Aimé. "Na samaki yake ya moshi. Siku tisa, na mvua. Hadji amekuja hapa mara tatu kuuliza muntu wa kumulipa njo nani. Leo nitamujibu."

Mardochée aliogopa, na zaidi ya woga aliumia, maana mashine ile ndiyo kitu pekee maishani alichokipata kwa jasho lake. Aliitazama ikifungwa kwa kamba juu ya chumvi.

"Panda, Ingénieur," Mwavita alisema, bila ubaya. "Kule iko vyuma vya kulehemu. Mashine iko yangu, pont iko yako. Tutasikilizana."

Alipanda. Nafasi ya kukaa ilikuwa moja tu, juu ya gurudumu la nyuma, palepale kilipo kile kishikio. Kwa mazoea akatega sikio, shimo baada ya shimo, njia nzima. Hakusikia ko hata moja. Na kabla pont yake haijaonekana, harufu yake ilimfikia.