Naomba Nihesabiwe Miongoni mwa Taka

Kwa Mkurugenzi wa Mtambo wa Umeme,
kupitia kwa Karani wa Utumishi, ambaye namwomba asiifungue.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA JIVU

Ndugu Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima, na shikamoo nakupa, ingawa nasikia nimekuzidi miaka. Cheo nacho ni umri. Mimi ni yule mzoa jivu wa bomba la pili la moshi, ambaye wenzake humwita Mzee Kijivu. Kama sura yangu huijui si kosa lako, kwa sababu tangu nianze kazi imekuwa chini ya jivu lako.

Nilifika hapa miaka kumi na moja iliyopita, baada ya safari ya siku mbili, nikiwa na sanduku la bati na elimu ya darasa la sita. Kazi niliyopewa haikuwa na maelezo mengi: makaa ya mawe yakishaungua, kinachobaki ni changu. Nikazoa, nikasukuma toroli, nikamwaga kwenye bwawa nyuma ya ukuta. Jivu wakati huo halikuwa na mwenyewe. Likipeperuka likaingia kwenye uji wa watu, hakuna aliyeuliza ni la nani. Tulielewana sana, mimi nalo, kwa kuwa wote wawili tulikuwa hatuulizwi.

Kisha akaja Mama Mtaalamu na tanuri lake. Akagundua kwamba jivu hilohilo, likichanganywa na udongo mweupe, likashindiliwa, likachomwa kwa moto unaoweza kuyeyusha shaba, linageuka kauri ngumu isiyoogopa moto wala tindikali. Tangu siku hiyo hapa kazini hakukaliki. Mimi na elimu hatuna ugomvi, Ndugu Mkurugenzi. Ugomvi wangu ni na jivu, na sababu zake ni hizi:

1. Jivu limejengewa nyumba. Lina ghala la sakafu ya saruji, milango miwili na mashine ya kupoza hewa, kwa sababu unyevu unaliharibu. Bweni letu, hatua ishirini kutoka hapo, linavuja juu ya kitanda changu. Niliambiwa nikisogeze. Nimekisogeza mara tatu, na sasa kiko mlangoni, ambapo wenzangu wanne kila asubuhi wananivuka kama kizingiti. Nilimuuliza msimamizi wa bweni kwa nini jivu lisivujiwe na mimi nivujiwe. Alinijibu kwa upole kwamba jivu likilowa halirudi lilivyokuwa, lakini mimi nikilowa nakauka.

2. Jivu lina mlinzi. Siku hizi kila anayetoka langoni sharti akung'utwe nguo juu ya turubai, ili mali isipotee. Kazi hiyo amepewa yule tunayemwita Kufuli, naye anaifanya kwa moyo wote na kwa ufagio wa chuma. Jumanne alinikung'uta mgongo hadi akapata kijiko kimoja. Akakitia kwenye bahasha, akaandika tarehe, akanitazama kama baba mkwe aliyeletewa habari mbaya.

"Mzee, leo umejaribu kutoka na mali ya mtambo."

Ndugu Mkurugenzi, mali hiyo ilinikalia yenyewe. Sikuialika.

3. Lipo jivu lingine ambalo Kufuli hajalifikia. Tabibu wa zahanati alinisikiliza kifua, akanisikiliza tena, kisha akaita mwenzake naye aje asikilize. Walisema humo ndani kumejaa vumbi la miaka. Sasa nauliza, na nisipojibiwa nitauliza tena: hilo ni la nani? Kama ni lenu, basi mimi ni ghala, na ghala haliruhusiwi kuvujiwa (tazama lalamiko la 1). Kama ni langu, Kufuli aniombe radhi kwa lile la mgongoni, maana hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja.

4. La nne limenitoka. Nitaliandika likirudi.

5. Jivu limepanda ndege. Mwezi uliopita vigae sita vilipelekwa ng'ambo kwenye maonyesho, ndani ya sanduku la mbao lililojazwa pamba, lenye maandishi ya wino mwekundu: SHIKA KWA UANGALIFU. Naijua pamba hiyo kwa sababu niliipanga mimi, na misumari niligonga mimi. Vigae vimekwenda na kurudi. Mimi nimeomba likizo mara tatu na sijafika hata kituo cha basi.

Nyumbani sijakanyaga kwa miaka sita. Binti yangu amejifungua na mtoto sasa anatembea, nami habari zote nazipata kwa simu kama bei za sokoni. Karani alinieleza kwamba Mama Mtaalamu hawezi kuniachia, kwa kuwa mashine ya kuchekecha haijaletwa na hapa hakuna anayejua jivu laini na jivu baya isipokuwa vidole vyangu. Ni kweli. Nalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada: likiteleza kama poda, ni la tanuri, likikwaruza japo kidogo, lirudi bwawani. Mama Mtaalamu alipima kwa darubini akakuta sijakosea hata gunia moja. Akanisifu mbele ya watu wote. Ndivyo nilivyosifiwa hadi nikafungwa.

Ijumaa mama watoto alinipigia. Hakugomba, na afadhali angegomba. Aliniambia kwamba picha yangu iko ukutani karibu na mlango, na kila jioni mtoto huinyooshea kidole.

"Baba watoto," akasema, "mjukuu wako jina lako anajua ni Picha."

Nilikohoa, naye akadhani mtandao ni mbaya.

6. Hapa sasa nafika kwenye ombi. Wageni walipokuja kukagua tanuri, mimi nilikuwa nimesimama pembeni na ufagio. Mama Mtaalamu aliwaambia maneno ambayo nimeyaweka moyoni: kwamba duniani hakuna taka, kuna kitu ambacho bado hakijapata mtu wa kukitazama. Niligeuza uso taratibu ili nitazamwe. Akalitazama gunia.

Kwa hiyo naomba rasmi nihesabiwe miongoni mwa taka za mtambo huu. Sifa zote ninazo. Nimeungua nikabaki. Nimewekwa nyuma ya ukuta. Rangi yetu ni moja, na kwa ushahidi wa zahanati hata ndani tunafanana. Nikikubaliwa kuwa taka nitalala pakavu, nitakuwa na mlinzi, na Kufuli ataacha kunishika kwa ufagio wa chuma, kwa sababu mali haipigwi. Zaidi ya yote nitastahili sanduku, pamba na safari. Kwenye sanduku mtabadilisha anwani tu, muandike ya nyumbani kwangu. Naomba yale maandishi mekundu yawe pande zote nne, kwa kuwa wapakiaji wa mabasi husoma upande mmoja, tena ule wa chini.

Kama utaratibu unataka nichomwe kwanza, sikatai. Moto nimeuzoea. Naomba tu nipozwe polepole, maana tanuri likifunguliwa kabla ya wakati kila kilichomo hupasuka, na mimi nikipasuka mama watoto hatanipokea.

4. Limerudi. Magunia ya jivu yamebandikwa karatasi inayosema "Jivu Bora, Daraja la Kwanza". Jivu hilo halikukaa darasani hata siku moja. Mimi mwenye darasa la sita bado ni kibarua wa Daraja la Nne.

Endapo ombi langu ni zito kwenu, basi nipeni jepesi: kazi ya kauri isimamishwe kabisa, tanuri livunjwe, jivu lirudishwe bwawani, tuwe sawa tena kama zamani. Mtu hawezi kushindwa na kila kiumbe halafu ashindwe na jivu pia.

Nisalimie Mama Mtaalamu, sina kinyongo naye. Msalimie tabibu na yule mwenzake aliyekuja kunisikiliza. Kufuli naye msalimie, na ufagio wake. Ukipita ghalani, lisalimie na jivu. Liambie aliyelibeba bado yupo.

Mimi niliye chini yako na chini ya vumbi lako,

Mzee Kijivu
Mzoa jivu, Bomba la Pili

Baada ya kutia sahihi: Karani amenikuta hapa naandika akanipa bahasha. Likizo imekubaliwa, siku thelathini, kuanzia Jumatatu. Asante sana. Naomba hata hivyo ianze Alhamisi. Tanuri lilizimwa jana na halitapoa kabla ya Jumatano, na Mama Mtaalamu ana kila elimu isipokuwa subira. Mara iliyopita alichungulia mapema, tukatoa vipande. Nisipokaa mbele ya mlango wake, atachungulia tena. Lile ombi la kulivunja tanuri lifutwe, au angalau lisubiri.

Tena, ndani yake, nyuma ya vigae vyenu kumi na viwili, kuna kigae cha kumi na tatu ambacho hakimo kwenye orodha. Jivu lake nililichagua kwa vidole vyangu, laini kuliko yote niliyowapa ninyi, na kabla halijakauka nililigandamiza kwa kiganja changu cha kulia. Ni cha mjukuu. Aweke mkono wake humo, ajue kwamba Picha ana mikono. Hata akikiangusha kila siku hakitavunjika, mradi kipoe vizuri.

Kufuli aambiwe mapema: Alhamisi asubuhi nitapita langoni na mali ya mtambo, na safari hii nimeialika.