Mkono wa Mzee Kuntai

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Barua imefika kutoka kaunti. Wakaguzi watakuja Ijumaa ya tarehe 21. Watafungua rejista ya wagonjwa wa presha na kuuliza swali moja tu: kati ya hawa wote, ni wangapi presha yao imeteremka chini ya 140 kwa 90? Wanataka asilimia themanini. Zahanati yetu hapa Kitengela iko na wagonjwa sitini. Walioteremka ni arobaini na wawili. Hiyo ni sabini. Nimepiga hesabu kwa kalamu, kisha kwa simu. Simu nayo imenikatalia.

Shida si sabini. Shida ni kwamba wiki jana Adero, tabibu wa kule Isinya, alitangaza kwenye grupu ya WhatsApp kuwa amefika themanini na mbili. Nami nikajibu haraka kwamba sisi tulipita hapo zamani. Nani aliniuliza? Vidole vyangu hivi! Kuna kiti kimoja cha mratibu kule Kajiado na tunakitaka sote wawili. Kiti chenyewe kinazunguka. Nimekiona.

Nahitaji watu sita. Kichwa kinanigonga tangu asubuhi. Ni Adero huyo.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango wa kwanza. Nimewaandikia wagonjwa wangu sita wabaya kabisa barua za kuhamia kwa Adero. Sababu: kusogezewa huduma. Waliondoka asubuhi, saa nane wakawa wamerudi. Adero amewapa chai, amewapima, na nyuma ya kila barua ameandika kwamba mgonjwa huyu anaishi karibu na geti letu la Kitengela. Kwenye ya Mzee Meitamei ameongeza: 192 kwa 114, Makokha, tafadhali huyu mwangalie.

Nesi wangu, Naisula, alizisoma zote sita mbele yangu. Akazipanga mezani kwangu, maandishi ya Adero yakiwa juu. Heri angezichana.

Huyu Naisula ndiye amewafikia akina mama wote waliotakiwa kupimwa kansa ya mlango wa kizazi. Aliwafuata sokoni, kanisani, mpaka kwenye foleni ya maji, mmoja mmoja, miezi minane. Kazi ya punda. Mimi ni mtu wa mikakati.

Jumatano, 5 Novemba

Siku ya kliniki. Naisula anasema mgonjwa akae dakika tano kimya, miguu chini, mkono utoke nje ya shuka, ndipo apimwe. Sawa. Mimi nikaboresha. Nikabandika tangazo: NI MARUFUKU KUZUNGUMZIA NG'OMBE. Kila mtu anajua habari za nyasi iliyokauka zinavyopandisha presha.

Sikufikiria vizuri. Mzee wa huku hawezi kuketi kando ya mwenzake wa rika asimwulize ng'ombe wako aje, ndama aje, kule kumenyesha ama bado. Walikaa wamefunga midomo huku habari zikiwachemka kifuani. Mzee Meitamei aliniuliza kwa sauti ya chini ni nani amekufa. Nilipowapima, wote walikuwa wamepanda!

Isipokuwa Mzee Kuntai. 118 kwa 76. Anameza dawa zake kila asubuhi, anatembea kutoka ng'ambo ya reli kila siku, na hajui Adero ni nani. Niliutazama ule mkono wake kwa muda mrefu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepata! Nilimwita Mzee Kuntai nikamweleza kwamba wenzake sita wa rika karibu watuharibie jina. Akaniambia kati ya watu wa rika moja hakuna kunyimana, iwe nyama, blanketi ama pa kulala. Nikamwuliza, na presha je? Akautoa mkono nje ya shuka.

"Mkono wangu ni wao," akasema.

Alasiri alirudi na vitabu sita vya kliniki vya wenzake ndani ya mfuko. Nikampima mara sita, mara moja kwa kila kitabu. Mimi si mtu wa kughushi: kila namba imetoka kwa mashine halisi na mkono halisi. 118, 122, 120, 126, 119. Mzee Meitamei ameangukia 124 kwa 78. Nikanakili zote kwenye rejista wakati Naisula yuko mapumziko.

Arobaini na wanane kati ya sitini. Themanini kamili! Kichwa bado, lakini sasa ni cha furaha.

Jumamosi, 8 Novemba

Mzee Kuntai amekuja na mfuko tena. Nilidhani ameniletea maziwa. Nilipoufungua nilikuta dawa. Pakiti za watu sita, nyingine hazijaguswa.

Akanieleza huku anacheka kwa furaha. Juzi jioni aliwasomea wenzake vitabu vyao. Wakashangilia, wakachinja mbuzi. Na kwa kuwa sasa ni wazima, wakaona ni vibaya kukaa na dawa ambazo zingemfaa mgonjwa.

"Wamepona, daktari. Si ni wewe uliandika?"

Nilikaa juu ya kile kiti cha wagonjwa nikakumbuka maandishi ya Adero nyuma ya barua.

Nikachukua boda. Wa kwanza nilimpata kwake, wa pili kwa fundi wa viatu, watatu waliobaki walikuwa pamoja wanakula ile mbuzi. Niliwaambia mashine ilikuwa na hitilafu. Walizipokea dawa kwa huzuni sana, na mmoja akaniambia nimemwonjesha uzima siku mbili nikamnyang'anya. Mzee Meitamei hayupo. Mkewe anasema alikwenda Isinya jana kumwona binti yao na kuangalia mitamba yake. Simu yake haipatikani. Nimepiga mara kumi na tisa. Siku mbili bila dawa, mtu wa 192. Mungu wangu.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda kanisani. Nilifika Isinya mapema na dawa zake mfukoni. Binti yake akanionyesha upande wa mabomba ya maji, nyuma ya vile vibanda vya nailoni vya kukuzia maua, mitamba iko huko. Nilitembea na viatu vya ngozi kwenye miiba nikimwita kwa jina. Niliiona mitamba. Meitamei sikumwona. Fimbo yake ilikuwa chini. Hapo nilianza kulia, naandika ukweli, nililia mtu mzima na tai shingoni.

Simu ikaita. Ni Adero.

"Makokha, niko na mgonjwa wako hapa. Kitabu chake kinasema 124."

Niliokota ile fimbo.

"Mimi nimepata 212. Kuja."

Wachunga ng'ombe walimkuta ameketi chini, mdomo umekuwa mzito, wakampeleka kwa pikipiki. Nilipofika Adero alikuwa ameshamtuliza, presha inateremka polepole, maneno yanarudi. Nilikaa kando ya kitanda nikamshika mkono, wake mwenyewe safari hii. Mzee akanigeuzia kichwa.

"Daktari," akasema, "uliandika nimepona."

Nilitaka ardhi inimeze. Adero aliniletea chai. Mpaka sasa hajaandika kitu kwenye grupu, na hilo linaniuma kuliko kama angeandika.

Naahidi hapa kwa maandishi. Sitachezea namba tena. Kamwe! Mungu ni shahidi.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemweleza Naisula yote. Alichukua kalamu nyekundu akakata mistari yangu sita, kisha akabandua tangazo la ng'ombe. Amesema kuanzia leo ni ng'ombe kwanza, kisha dakika tano za kimya, kisha mashine. Na kila asubuhi atawapigia wale sita simu kuuliza kama wamemeza. Tumerudi sabini. Nimekubali yote kwa unyenyekevu.

Jumatano, 19 Novemba

Sijui niseme nini. Wazee walikuja, wakasimuliana ng'ombe mpaka zikaisha, wakanyamaza wenyewe. Naisula akapima. Wote sita wako chini ya 140. Mzee Meitamei amekuja na fimbo yake, anazungumza sawa, 136 kwa 84. Mkono wake mwenyewe! Nilitaka kumkumbatia, akakataa.

Arobaini na wanane kati ya sitini. Themanini ya haki. Nimeonja uaminifu na ni mtamu. Nashangaa watu hawautumii zaidi.

Alhamisi, 20 Novemba

Naisula ameisoma barua ya wakaguzi mpaka ukurasa wa pili, kitu ambacho mimi sikufanya. Inasema kila mtu aliyepita miaka arobaini apimwe presha, wafanyakazi wakiwemo. Niko na arobaini na sita. Akanikalisha, miguu chini, dakika tano. Akapima. Akarudia. Akahamia mkono wa pili.

178 kwa 112.

Kumbe kichwa hakikuwa Adero. Akanipa dawa, akaniambia nianze leo hii, kisha akafungua rejista na kuandika kwa mwandiko wake mzuri: namba 61, Makokha.

Arobaini na wanane kati ya sitini na mmoja. Sabini na nane nukta saba! Wakaguzi wanafika kesho saa nne, na mtu aliyeniangusha ni mimi mwenyewe.

Nimetafakari kwa utulivu. Hii si kama ile ya kwanza. Ile ilihatarisha maisha ya mtu mwingine. Hapa mgonjwa ni mimi, na mimi nimejiruhusu. Dawa nimeziweka kwenye droo, nitaanza wakaguzi wakishaondoka.

Naisula huingia saa tatu. Mzee Kuntai amekubali kufika saa mbili, na mkono wake. Nimemwuliza kama mimi pia naweza kuhesabiwa wa rika lake, hata kwa asubuhi moja. Amesema hakuna kunyimana.