Mtoto Asiyedaiwa Leseni

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimepata njia! Nestory, msimamizi wa mwalo wetu wa wavuvi hapa ziwani, katangaza leo: anayevua bila leseni atanyang'anywa vifaa. Ila mzazi akileta wanawe likizo hii wajifunze kuvua kwa ndoana, haulizwi leseni. Mimi leseni sina. Watoto pia sina. Lakini dada yangu Dorotea anao wawili, na hana pa kuwaacha akienda sokoni. Jirani yangu Mayala, anayevaa leseni yake shingoni kama medali, atakoma!

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi nimewapeleka Gladness na Pius kwenye mawe ya mwaloni. Niliwafundisha kuniita baba. Pius kaniita mjomba mbele ya Nestory. Nikamkanyaga mguu.

Nestory akauliza, na yule wa tatu? Nikageuka. Binti wa rika la Gladness, gauni limelowa mpaka shingoni, ameketi kwenye jiwe letu na mshipi mkononi. Katoka wapi? Nikaona nikisita nimekwisha. Nikasema, "Wangu huyo, kitinda mimba."

Binti akanitazama. Hakupepesa. Akasema, "Ndiyo, baba."

Kavua sato kuwashinda watu wote wa mwaloni. Bila chambo! Samaki hawana hata alama ya ndoana mdomoni. Kipaji hicho.

Alhamisi, 12 Juni

Dorotea kakataa kupika. Anasema sato wamelala kwenye sufuria tangu jana na asubuhi hii bado wanahema. Nikamwambia huo ndio ubichi wenyewe. Akafunika sufuria, akaweka jiwe juu.

Mayala naye kaja kunisihi, kwa upole usio wake, nisirudi kule. Eti hakuna aliyemwona yule binti akija wala akiondoka. Wivu! Wivu mtupu!

Jumamosi, 14 Juni

Siku mbaya. Ziwa limetulia kama mafuta, ndege kimya. Nilikuwa nimeinama napara samaki. Pius akapiga yowe. Gladness yuko majini, maji kifuani, anatembea kuelekea kilindini, kashikwa mkono na yule binti. Nikamwita. Hakugeuka. Nikajitosa na viatu, nikamvuta kwa gauni. Mwili wake baridi kama chuma! Alipopata kauli alisema walikuwa wanakwenda nyumbani.

Nimewarudisha watoto kwa mama yao. Dorotea hakunifokea. Afadhali angefoka. Kachukua wanawe, akasema, "Kaka, huyo uliyemkubali, kaa naye mwenyewe."

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda mwaloni kukusanya mishipi yangu tu. Nimeapa kuacha. Nestory kanikuta, kauliza familia iko wapi leo, na kama haipo, leseni iko wapi. Kabla sijajibu, mkono mdogo wa baridi ukaingia ndani ya wangu. "Baba yuko na mimi," binti akasema. Nestory kaondoka mbio, hata kuaga hakuaga.

Tukabaki wawili. Binti akaniambia ana wadogo zake huko chini, wengi, na hakuna aliyewahi kuwakubali. Anauliza kama waje.

Nimewaza sana. Karibu dakika nzima. Watoto wote hao, na hakuna hata mmoja anayedaiwa leseni! Nimemwambia waje wote. Nimekimbia dukani kuongeza ndoana, nimerudi, naandika haya juu ya jiwe. Vichwa vimeanza kutokeza majini, vinakuja taratibu, kutoka huku mpaka kule macho yanapoishia. Wote wananitazama.

Ndoana hazitatosha!