Kuku Wenye Kucha Nyekundu

Jumatano, 12 Novemba

Nimevumbua! Ndoo ya kumnyweshea ng'ombe ilikuwa inavuja. Nikaziba kwa rangi ya kucha ya mke wangu Goodness, nikaiacha ikauka. Haivuji! Nikapaka na uzi wa kifungo cha koti la kanisani, usifumuke. Nikapaka funguo zote nyekundu ili nisizichanganye. Sasa zote zinafanana. Si kitu.

Alhamisi, 13 Novemba

Kuku! Wangu na wa jirani yangu Basili wanavuka mpaka kwenye migomba wapendavyo, na mimi naamini wangu wanaishia kwenye sufuria yake. Goodness ananiambia kila siku nisimchokoze Basili, maana pikapu yake ndiyo inayotuletea majani ya ng'ombe kutoka tambarare. Simchokozi. Natafuta ushahidi tu. Jioni walipoingia bandani nikawakamata mmoja mmoja, nikawapaka kucha. Wamependeza kama maharusi! Nimedonolewa mpaka sikioni.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wake Goodness anayeolewa, kule Himo. Kafungua chupa, rangi imetosha mkono mmoja. Akauliza nyingine imekwenda wapi. Nikasema huenda ni hili joto. Hapo hapo jogoo akapita mlangoni. Goodness akatazama miguu ya jogoo, kisha akanitazama mimi. Ameondoka mkono mmoja kauficha ndani ya kitenge. Haongei nami.

Jumapili, 16 Novemba

Aibu! Baada ya ibada, mnada wa sadaka. Ndizi, mayai, kisha kuku. Kucha nyekundu! Na aliyemtoa ni Basili! Nikasimama, nikapaza sauti kwamba kuku ni wangu, kaibwa, ushahidi uko miguuni. Usharika mzima ukageuka. Goodness, ingawa bado kaninunia, akaninong'oneza kwamba kuku wetu wote kawafungia bandani asubuhi, hapungui hata mmoja. Kisha Eliona, mke wa Basili, akaeleza kwamba kuku huyo kamlea yeye. Alhamisi alilala kwangu, akarudi kapakwa kucha, wakadhani ni utundu wa watoto. Kumbe nilipaka hadi wageni! Basili hakugomba. Alisema tu kwamba majani ya ng'ombe nitafute kwingine. Kwingine wapi, na jua hili?

Jumatatu, 17 Novemba

Ng'ombe kalia tangu alfajiri. Nikashindwa kunywa hata chai. Nikameza kiburi, nikachuma isale, jani letu la kuombea msamaha, pale mpakani, nikalipiga fundo kama walivyofanya babu zetu, nikaenda kwa Basili kuomba radhi. Akiletewa isale, Mchaga hakatai kusamehe. Basili alilitazama weee, akalipokea. Akasema majani yatakuja kesho, ila kuku wake nisiwaguse tena. Eliona akanipa bakuli la mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Jumanne, 18 Novemba

Majani yamefika! Ng'ombe anatafuna. Goodness naye kaanza kuongea nami. Kanunua chupa mbili mpya, moja haina rangi, inang'arisha tu. Nimekaa nikatafakari yote yaliyotokea. Isale halikataliwi! Nimechuma mengine, nimeyapiga mafundo, nimeyapaka ile isiyo na rangi ili yasinyauke. Yanameta! Nimeyatundika nyuma ya mlango, radhi za akiba.

Sasa, yule mbuzi mweupe wa Basili. Namtilia shaka sana.