Taulo za Saluni na Gari la Mkunga

Jumatatu, 2 Juni

Vichwa viwili tu leo. Kimoja changu mwenyewe. Ng'ambo ya barabara, kwa Madoido, wateja wamekaa hadi kwenye ngazi! Saluni yake haijafikisha hata mwaka. Mimi nina miaka kumi na miwili kwenye kazi hii. Lakini yeye ana Mkunga Mkuu, na hapo ndipo ananimaliza. Mkunga Mkuu akitengeneza nywele kwako, wauguzi wote wa hospitali wanakufuata, na kila mzazi anayetoka wodini anauliza ule mtindo umetoka wapi.

Mkunga Mkuu ana gari jipya. Jeupe pe, bado linanuka nailoni. Kila Jumatatu analileta kuoshwa kwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, Baba Pacha, ambaye uwanja wake wa kuoshea magari umepakana na ukuta wangu. Watu humwita Povu. Kuosha, robo saa. Kukausha, dakika arobaini! Analipapasa kama anambembeleza mtoto alale. Mama wa watu anachoka kusimama, anavuka barabara, anakwenda kukaa kwa Madoido. Shemeji yangu mwenyewe ndiye anayenikimbizia wateja!

Nimewaza. Kazi yangu ni nini? Si kukausha? Nimekausha vichwa vigumu, laini, vya bandia, vya wakorofi. Gari halina hata kisogo. Basi Mkunga akae kwangu, gari nilikaushe mimi, vyote viishe pamoja. Mpango umekamilika kabla chai haijapoa. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 3 Juni

Mazoezi. Nimemwomba Baba Pacha gari lake la kijivu, nikasema nataka kuliosha. Akasema siku hizi nimebadilika. Ameenda kazini kwa miguu, anapiga mluzi.

Povu akaosha. Nikamwambia mengine aniachie, na asiseme neno. Nikapitisha draya zote tatu dirishani, ekstensheni juu ya ekstensheni. Nikawasha. Pu! Umeme ukakatika safu nzima ya maduka. Fundi cherehani akatoka na pasi mkononi. Kwa Madoido akatoka dada mmoja, nusu ya kichwa imenyooka, nusu imesimama wima. Nikasikitika pamoja nao. Nikaulaani umeme wa siku hizi kuliko wote.

Wakati fundi umeme anatafutwa, jua likalikausha gari lenyewe. Nikasema afadhali, kazi imejifanya. Nikasogea. Lahaula! Vijiduara vyeupe mwili mzima, kama gari limepata mapunye. Povu akaeleza kwamba tone la maji likikaukia juani huacha chumvi yake kwenye rangi, ndiyo maana yeye hukausha kivulini, tena kabla maji hayajajikaukia yenyewe. Akaongeza kwamba hata draya, ikiwa na moto na ikasogezwa karibu, huharibu rangi. Nikamuuliza mbona hakusema mapema. Akasema nilimkataza kusema neno.

Baba Pacha aliuliza gari lina nini. Nikasema ni mtindo.

Jumatano, 4 Juni

Draya basi. Leo taulo. Ninazo ishirini na mbili. Povu ameliosha gari upya, madoa yametoka, nikalivamia. Nikasugua kwa kuzungusha, kwa nguvu zote, kama ninavyowafuta pacha wakitoka kuoga. Dakika saba! Povu alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye bomba. Nikadhani ananishangilia, nikaongeza kasi.

Alikuwa anasema acha.

Ndani ya taulo kulikuwa na kibanio cha nywele. Mlango wa dereva sasa una mstari mrefu, umepinda vizuri. Ungekuwa kichwani kwa mtu ningepigiwa makofi. Halafu kuna boneti. Taulo liliniponyoka mara moja likaanguka chini, nikalikung'uta nikaendelea. Kumbe lilibeba mchanga. Ukiitazama boneti juani unaona mikwaruzo ya mviringo, kama buibui amejenga humo na ukoo wake.

Nimemwambia Baba Pacha kwamba mstari wa mlangoni ulikuwepo siku zote. Akasema makovu ya gari lile anayajua yote kwa sababu ameyatia yeye. Hili si lake. Amekula akiwa amenipa mgongo. Kesho kutwa atanuna rasmi. Huwa anachukua siku moja kujiandaa.

Alhamisi, 5 Juni

Povu amekuja mlangoni, mikono kiunoni. Akasema kama siwezi kuachana na magari ya watu basi anifundishe, maana roho yake haiwezi kuvumilia kuangalia tena. Amenipa vitambaa viwili, vinene, laini kama shavu la mtoto. Gari la mafunzo: lile lile la kijivu. Halina cha kupoteza.

Maelezo yake nayaandika nisisahau. Kitambaa ukilaze chote, ukivute polepole kwa mstari mmoja, ukiinue. Usisugue. Usizungushe. Anza juu, paani, ushuke. Kikianguka chini, hakirudi kwenye gari. Cha magurudumu kiwe cha magurudumu tu. Vioo vya pembeni na vitasa vipulizwe, maana maji hujificha humo yakachuruzika baadaye.

Nikajaribu. Laza, vuta, inua. Ajabu! Mkono ulikuwa unajua wenyewe. Ni kama kulaza nywele zilizolowa. Maji yakaondoka kama yameitwa na mtu. Povu akasema, "Shemeji, una mkono." Miaka kumi na minne nimeolewa kwenye ukoo huu, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Ikabidi niingie ndani nikajifanya natafuta kitana.

Nikatoka, na nani anapita? Mkunga Mkuu! Jumamosi saa sita anampeleka bibi harusi, binti wa dada yake, kwa gari lake jeupe. Nikamwambia palepale: kichwa na gari, vyote kwangu, ndani ya saa moja tu. Akatazama foleni ya Madoido. Akanitazama mimi. Akakubali!

Ijumaa, 6 Juni

Baba Pacha amenuna. Madoido amenisalimu. Sikupenda alivyonisalimu.

Jumamosi, 7 Juni

Vidole bado vyekundu. Naandika hivyo hivyo.

Mkunga alifika saa tatu, ametoka zamu ya usiku, macho mekundu. Alitaka rangi ya damu ya mzee. Iliyofifia, alisisitiza, ya kuficha mvi tu. Nikampaka, nikamkalisha, nikatazama saa. Rangi ikae dakika ishirini tu. Nje, Povu alikuwa amemaliza kuosha na kuliweka gari kivulini. Akaniambia niwahi, kivuli hakikai, na yeye ana lori la mteja linamsubiri.

Paa nililikausha vizuri mno. Laza, vuta, inua. Nikarudi kichwani, nikarudi garini, nikarudi kichwani. Mkunga akasinzia. Kivuli nacho kikawa kinahama. Mlango mmoja ukashikwa na jua, matone yakaanza kukaukia, na vitambaa vyote viwili vimelowa chapachapa. Povu akasema kwa mbali nivikamue, niendelee polepole.

Polepole! Na bibi harusi anasubiri!

Nikachomoa taulo begani kwangu. Nililikagua! Naandika hili kwa ajili ya haki. Nilitafuta kibanio, hakuna. Nikatafuta mchanga, hakuna. Nikalilaza juu ya boneti, nikavuta kwa mstari mmoja, nikainua. Chini yake, utepe mpana wa damu ya mzee.

Ni lile nililokuwa nafutia rangi.

Nikaligeuza nifute kwa upande wa pili. Upande wa pili nao ulikuwa na rangi. Tepe mbili. Gari la harusi lilionekana kama limepandishwa cheo jeshini. Nilitaka kulia, ndipo nikakumbuka kichwa. Nikakimbia ndani. Dakika hamsini! Nikaosha, nikaosha tena. Hakikufifia kitu. Kichwa cha Mkunga kiliwaka hadi ukuta ukabadilika rangi, na mwenyewe bado anakoroma.

Nikatoka nje, nakutana na Madoido. Ameacha wateja wake, anavuka barabara. Nikaandaa maneno. Makali! Lakini alikuwa amebeba beseni la maji ya sabuni na rundo la taulo laini, mpya. Akasema, "Mama Pacha, sogea. Hii ikikauka hapo haitoki."

Nikasogea.

Povu akaliacha lori. Walilowesha, wakapaka sabuni, wakafuta taratibu bila kukandamiza, wakasuuza. Utepe wa kwanza ukatoka. Wa pili ukagoma, ukabembelezwa, ukatoka. Tukalisukuma gari hadi kwenye kivuli kipya, tukagawana: Povu paa na boneti, Madoido kushoto, mimi kulia. Laza, vuta, inua. Nilichungulia upande wake. Pembeni mwa taa hana ufundi. Lakini safi.

Mkunga akaamka. Nikamwona kupitia mlangoni akijitazama kwenye kioo. Akasimama, akatoka nje na zile nywele za moto, akatukuta watu wazima watatu tumelizunguka gari lake, jasho linatuchuruzika, mmoja anapuliza kitasa. Nikafumba macho.

Akacheka! Alicheka hadi akashikilia ukuta. Akasema miaka thelathini anazalisha watu, hajawahi kuona mzazi mmoja akihudumiwa na wakunga watatu. Akajishika kichwa, akauliza kama damu ya mzee iliyokolea inaonekanaje. Nikasema mzee wa damu hii bado kijana. Akacheka tena. Saa tano na nusu aliondoka, gari halina tone wala doa, yeye kichwa juu.

Nilimshukuru Madoido kwa kutikisa kichwa. Mdomo ulikataa kufunguka. Jioni nikazifua taulo zake nikazipeleka. Tukakaa ngazini kwake. Kumbe anachekesha sana. Inaudhi.

Jumatatu, 9 Juni

Saa mbili asubuhi, wauguzi sita mlangoni kwangu! Wote wanataka ile rangi. Harusi nzima ilikuwa inauliza. Nikasema ni siri ya saluni, na ni kweli, maana hata mimi sijui nilichanganyaje. Wanne nimewamaliza, wawili nimempelekea Madoido. Mtu asiseme sina utu.

Povu ameniuliza nimejifunza nini. Nimelifikiria swali hilo kwa uzito wake. Kosa halikuwa taulo. Mkono ulikuwa sawa, hata yeye alishasema. Kosa lilikuwa gari. Jeupe! Gari jeupe linaonyesha kila kitu.

Kwa bahati mwalimu wa hesabu wa sekondari amepita mchana. Yeye gari lake ni jeusi, linang'aa kama kioo, alilipaka rangi upya mwezi uliopita. Anataka lioshwe na kukaushwa haraka, ana mkutano. Nikamwambia Jumatano, dakika kumi. Povu akadakia kwamba jeusi ndilo baya kuliko yote kwa kuonyesha mikwaruzo. Wivu huo, nimemwelewa. Tangu aliposema nina mkono amekosa raha.

Vitambaa sitaki tena, vinalowa upesi. Nimenunua sponji za kusugulia masufuria, kumi na mbili, zile zenye upande wa kijani unaokwaruza. Kijani kwenye jeusi hakionekani kabisa.