Uraia Uko Ng'ambo ya Kijito

Jumapili, 3 Machi 2024
Rajan kapata uraia wa Uswisi! Rajan huyu huyu tuliyesoma naye Jaffna, kwetu Sri Lanka, asiyejua hata kuchemsha wali! Leo kanipigia simu ya video akiwa barazani kwa mama yangu, mdomo umejaa mchuzi wa kaa. Mama akawa anaupapasa uso wangu kwenye kioo. Akauliza naja lini. Nikasema karibuni.

Uongo. Karatasi yangu ya ukimbizi inanifikisha Paris, Roma, nitakako. Nyumbani tu marufuku. Bila pasipoti ya Uswisi nitamwona mama kiganjani mpaka mmoja wetu afumbe macho.

Huzuni nikaiondoa kwa kazi. Hapa kijijini Hinterbach majirani huulizwa tabia yako kabla hujapewa uraia. Basi nikazoa chupa tupu za jengo zima, nikazitupa pipani kwa kishindo. Wamwone raia mwema!

Wakamwona. Bwana Zbinden, mjumbe wa kamati ya uraia, katoka na ndara. "Bwana Kugan, leo Jumapili!" Lo! Jumapili hapa kelele marufuku, hata chupa hazilii.

Jumatatu, 4 Machi
Nimempelekea Zbinden sambusa za kuomba radhi. Kala zote, hakutabasamu. Kasema ombi langu bado liko mkoani, foleni ndefu, nisubiri. Neno hilo limeniotesha mvi! Mke wangu Vasanthi kasema, "Baba Nila, safari hii tulia. Ujanja wako ndio unaotuponza." Masikini, siasa haijui.

Jumatano, 6 Machi
Jikoni hotelini (bila mimi ingefungwa), Mreno wa kuosha sufuria kaninong'oneza: Vorderbach, kijiji cha ng'ambo ya kijito, maombi ya uraia hayalali. Akili ikawaka. Zbinden keshaniharibia huku, nahama!

Jumamosi, 27 Aprili
Tumehama. Vasanthi kaninunia tangu alfajiri. Sofa tumelivusha darajani kwa mikono. Zbinden kaja mbio, kashika upande mmoja, anahema, anataka kusema kitu. Nikamkatiza kwa shukrani. Nikamkatiza tena. Muungwana hashindwi kwa adabu.

Jumatatu, 29 Aprili
Karani wa Vorderbach kanikaribisha vizuri mno. Kisha kasema nimehama kabla ya usaili, kwa hiyo ombi la kule limekufa. Hapa nikae miaka kadhaa kwanza, ndipo niombe upya. Nikamwonyesha dirishani jengo letu la zamani, lile pale! Kasema analiona. Ni kijiji kingine.

Jioni Zbinden kapiga simu. Usaili wangu ulikuwa uwe wiki ijayo. Alikwisha niombea kwa kamati: mtu anayeona haya hivyo kwa ajili ya chupa, huyo Mswisi tayari. "Nilikuja kukwambia, nawe ukanipa shukrani tu!"

Nimekaa darajani mpaka baridi ikanitoa.

Jumatano, 1 Mei
Mama kapiga. Leo hakuuliza lini. Kasema masikio yamechoka, maneno hayashiki vizuri. Nisiseme kitu, nikae tu kwenye simu. Nikakaa. Nikasikia kunguru wa kwetu, ufagio wa jirani, pumzi yake. Nikauma shati ili asinisikie.

Kazini Mreno kaniona macho mekundu, kanihurumia. Anajua kijiji nyuma ya mlima: watu kiduchu, ng'ombe wengi, foleni hakuna kabisa!

Vasanthi sijamwambia. Lakini Mungu si Athumani: masanduku hatujayafungua.