Filemoni Watano

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Barua kutoka Newala. Mkaguzi wa shule atafika Jumatano ya wiki ijayo. Mahudhurio yakiwa chini ya robo tatu, ukuu wa shule atapewa mwingine. Miaka mitano nimekuwa kaimu mwalimu mkuu, leo mwingine!

Huyo mwingine ni Mwalimu Cyril, msaidizi wangu. Ana tai mbili. Leo kapita mbele ya nyumba yangu akayakodolea macho madirisha. Anapima mapazia.

Nyumba yenyewe ndiyo shida. Ni ya mwalimu mkuu, ya bati, ina tangi, mvua inajikinga yenyewe. Za wengine wote huku juu ni za nyasi, na maji yanafuatwa bondeni, ndoo kichwani, kushuka na kupanda. Mke wangu Cecilia alizibeba ndoo hizo mpaka mgongo ukagoma. Mimba mbili zilipotea kwenye mlima ule. Siku niliyopewa ukuu nilimwambia hatashuka tena. Sikumwambia kwamba ni kaimu.

Hesabu sasa. Daftarini watoto sitini. Robo tatu yake arobaini na watano. Wavulana ishirini na wawili wako jandoni tangu likizo, hawajatoka. Wanabaki thelathini na wanane, asipoumwa mtu tumbo. Pungufu saba. Jando lilipaswa kuombewa ruhusa wilayani. Sikuomba. Niliona ni kujitafutia maswali.

Jumatano, 4 Agosti

Nimekwenda kwa Mzee Majaliwa, nyakanga, mkubwa wa jando. Nimempelekea chumvi na kitambaa cha shati. Nikampa shikamoo ya kuinama. Marahaba yake ilikuja baada ya kukipima kitambaa kwa mikono.

Nikamwomba awatoe wavulana kabla ya mkaguzi. Akauliza kama siku hizi serikali inaponya vidonda kwa barua. Nikamwambia kengele yangu inagongwa kila asubuhi, madawati ni matupu.

"Mtani," akasema, "jando halina kengele."

Kisha akaniuliza, kwa upole uliouma kuliko utani wake, kwa nini mtu asiye na mtoto jandoni anahangaikia hivi watoto wa wenzake. Nikajibu ni mambo ya mahudhurio tu. Chumvi hakurudisha.

Huku kila mwanamume ni Baba fulani. Mimi ni Mwalimu. Heshima, ndiyo. Lakini na Cyril ni Mwalimu.

Ijumaa, 6 Agosti

Mpango! Wadogo zao!

Wavulana walioko jandoni wana wadogo wasiosoma bado. Nimekusanya kumi: saba wa kujaza pengo, watatu wa akiba. Kazi yao ni nyepesi. Nikiita jina la kaka, mdogo anaitika, "Nipo." Malipo, karanga.

Mazoezi ya kwanza. Mmoja kaitikia majina yote, na langu pia. Mwingine kasimama wima akasema, "Hayupo, yuko jandoni." Karanga zake nimezizuia.

Cyril kaja kuuliza kama shule imeanza kupokea watoto wa mgongoni. Nimemjibu ni maandalizi ya mwakani. Akacheka puani.

Jumapili, 8 Agosti

Cecilia kagundua. Karanga zilikuwa za mbegu.

Kaniambia nimweleze mkaguzi ukweli, hatanila. Nikahamaki. Nikasema kaimu hana ukweli wa kuchezea. Neno likishatoka halirudi!

Akasema alijua. Mke wa karani wa wilaya alimwambia mwaka ule ule. Miaka yote mitano amekuwa akichota maji ya tangi kwa kikombe, kama mtu anayetumia cha kuazima. Nami nilikuwa nikijisifu kwa watu kwamba tangi langu halikauki kwa ufundi wa mifereji yangu.

Baada ya ibada akajitanda kanga akaenda kwa Bi Fatu, mke wa Mzee Majaliwa. Kufanya nini, hakusema. Sikuthubutu kuuliza.

Jumanne, 10 Agosti

Ngoma tangu alfajiri. Wavulana wametoka! Kumbe vidonda vilikwisha kupona, zilibaki nyimbo, na Mzee kazifupisha. Wamenyolewa, wanang'aa mafuta, nguo mpya. Mama zao wanapiga vigelegele mpaka sauti zinakauka. Na mimi nimeshangilia kidogo, nyuma ya choo cha shule.

Cecilia kaniagiza niwarudishe wale wadogo kwao. Nilitaka. Lakini vipi kesho wakubwa wakilala kwa uchovu wa ngoma? Nimewaambia wakae nje, chini ya dirisha, kimya, mpaka watakapohitajika.

Jumatano, 11 Agosti

Aibu!

Mkaguzi, Mzungu mrefu, Kiswahili cha kitabuni. Madawati yamejaa. Nikafungua daftari kwa madaha, nikaita jina la kwanza la darasa la nne. Kimya. La pili. Kimya. Wavulana wameinamisha vichwa kama waliotukanwa.

Na wametukanwa! Kijana hutoka jandoni na jina jipya. La utotoni limefia porini, na kumwita nalo ni tusi la kulipa kuku. Mimi jando langu lilikuwa la kanisa, Lulindi, nikatoka na jina langu lile lile la ubatizo. Nikasahau kabisa.

Nikaita la tatu, kwa kuchanganyikiwa. Dirishani kikasikika kisauti: "Nipo." Kisha vyote kwa pamoja: "Nipo! Nipo! Nipo!" Jina lililokufa linafufuliwa na mdogo wa marehemu! Wavulana wawili wakasimama watoke.

Mkaguzi akaenda dirishani, akatazama chini. Wadogo kumi wakamtazama juu. Akarudi, akamuuliza kijana wa mbele anaitwa nani.

"Filemoni."

Wa nyuma yake? Filemoni. Wa pembeni? Filemoni. Walipofika watano, mkaguzi akaniuliza jina langu mimi. Filemoni. Sijawahi kulitamka kwa taabu namna ile. Cyril akakohoa kwa furaha.

Mzee Majaliwa alikuwa mlangoni, kawasindikiza vijana wake. Akavua kofia.

"Bwana, hawakudanganyi. Jandoni kijana huchukua jina la mtu tusiyetaka apotee. Mwalimu huyu hana mtoto. Basi wamemgawana."

Sikuliona daftari vizuri. Vumbi la chaki.

Mkaguzi akaacha majina, akahesabu vichwa. Hamsini na wanane. Wale wa dirishani akaagiza waandikishwe Januari. Mimi nimepata onyo kwa kutoomba ruhusa, na ukaimu wa mwaka mwingine. Nyumba inabaki. Mzee kanitoza kuku mmoja kwa majina yote. Bei ya mtani.

Alhamisi, 12 Agosti

Asubuhi Bi Fatu kapita njiani, akamwita mke wangu kwa sauti ya kusikiwa na jirani: "Hujambo, Mama Filemoni?"

Cecilia akacheka, akasema basi mumewe naye kageuka mwanawe. Kisha akaingia ndani, akakaa huko. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akachukua ndoo, akaijaza tangini mpaka juu, akaenda kuoga. Ndoo nzima! Agosti, na mvua hata harufu hakuna. Nilisikia maji yakimwagika.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimefungua daftari jipya. Filemoni, Filemoni, Filemoni, Filemoni, Filemoni. Nimeyatazama majina hayo muda mrefu, moja chini ya jingine. Yanapendeza.

Halafu hesabu ikajileta yenyewe. Mkaguzi anarudi Desemba. Desemba ni kupanda, vijana watakuwa mashambani na baba zao. Lakini nikiita Filemoni, na Filemoni mmoja akaitika mara tano, kwa sauti tano tofauti, nani atauliza wanne wako wapi?

Nimekwisha kumpata mwenye sauti tatu. Mazoezi Jumatatu, malipo karanga.

Mama Filemoni sijamwambia.